Faili Moja kwa Programu Tatu

Karakana yetu iko Lucky Summer, hapa Nairobi, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukisimama dirishani mchana mabati ya viwanda vya Baba Dogo yanakumulika hadi unafumba macho. Niliajiriwa pale mwaka nilioolewa. Tulikuwa watatu tu. Mwenye karakana alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, fundi wa simu wa zamani aliyejifundisha C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akiwa anangoja wateja. Aliimba sauti ya besi katika kwaya ya kanisa lao, na alikuwa mtu wa kucheka kabla hujamaliza kumweleza jambo. Sisi tulimwita Bosi, naye akatuita sisi Bosi, na mama wa chapati wa pale chini pia alikuwa Bosi, hata ukiwa mgeni ulihitaji siku kadhaa kujua nani anaongoza nani. Wa pili alikuwa mwenzangu wa Kayole, dada mwembamba, mpole, ambaye akitoa neno moja ujue limekaa kinywani kwa muda. Wa tatu ni mimi.

Tulikuwa tukitengeneza mashine za kuangua mayai. Sanduku lilitengenezwa na mafundi wa mbao wa jirani. Kazi yetu ilikuwa ubongo wake: bodi ndogo ya kompyuta, isiyozidi kiganja, ambayo huwasha na kuzima taa za joto, huzungusha feni na kugeuza mayai bila mtu kuyagusa.

Sasa bodi kama hiyo haijui yenyewe imeunganishwa na nini. Haijui kama ina feni au haina, wala kipimajoto kimechomekwa wapi. Kwa hiyo huandikiwa faili maalumu linaloitwa mti wa vifaa. Ni mti kweli, una shina na matawi, na kila tawi lina jina la kifaa na sifa zake. Bodi ikiwashwa huusoma mti wake kwanza, ndipo inapojua ina viungo gani. Mti ukikosewa, bodi itatafuta feni mahali pasipo na feni, na itatafuta kwa uaminifu kabisa.

Kila mmoja wetu alikuwa amejiandikia programu yake ya kushughulikia miti hiyo. Bosi aliandika ya kubadilisha thamani moja ndani ya mti. Mwenzangu wa Kayole aliandika ya kuuliza thamani moja ikuonyeshe. Yangu ilikuwa ya kuuanika mti wote, matawi yote, uusome kuanzia juu hadi chini. Zote tatu zilikuwa programu za kuandikiwa amri katika dirisha jeusi, hazina picha wala vitufe. Na kwa kuwa hatukuwahi kukaa chini tukakubaliana, kila moja ilifungua faili kwa njia yake, ikasoma namba kwa njia yake, ikalalamika kwa maneno yake. Ya Bosi ikikosea iliandika, "Zii," yaani hapana. Basi. Zii, na imekufa.

Mayai ya kwanza tuliyatia kwenye mashine siku ya Ijumaa. Bosi aliketi mbele ya kompyuta, akaandika amri ya kuweka joto liwe thelathini na saba, akapiga kitufe cha mwisho kwa madaha kama mpiga kinanda. Akamgeukia mwenzangu.

"Hebu uliza, Bosi. Imeshika?"

Mwenzangu akaandika amri yake. Skrini ikajibu: 37.

"Imeshika," akasema.

Tukafunga karakana, tukaenda zetu.

Jumatatu asubuhi tulipofungua mlango, joto lilitupokea kama mtu aliyetukasirikia. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote. Bosi alifunua sanduku, akachukua yai moja, akalirusha kutoka mkono huu hadi ule kwa kuwa lilimchoma, halafu akalipasua kwenye kikombe cha chai. Halikuwa limeiva wala halikuwa bichi. Lilikuwa kitu cha katikati ambacho hakina jina.

"Tumepika," akasema Bosi, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akaketi.

Mwenzangu hakucheka. Aliiuliza mashine tena joto lililowekwa, nayo ikajibu vilevile, 37. Mimi nikaandika amri ya programu yangu, mti ukaanikwa wote, na pale penye joto palikuwa na hamsini na tano. Ilikuwa hamsini na tano tangu Ijumaa. Programu yangu ingetuambia, lakini hakuna aliyeiuliza, hata mimi mwenyewe.

Ilituchukua muda wa chai kuelewa. Watu wa kompyuta huhesabu kwa mitindo miwili. Kuna mtindo wa kumi, huu tunaohesabia vidole, na kuna mtindo wa kumi na sita, ambao mashine huupenda zaidi. Ukiandika 37 kwa mtindo wa kumi na sita, kwa hesabu yetu ya kawaida ni hamsini na tano. Programu ya Bosi ilichukulia kwamba kila namba uliyoipa ni ya mtindo wa kumi na sita, kwa sababu yeye ndivyo alivyozoea. Ya mwenzangu ilikuonyesha namba kwa mtindo huohuo wa kumi na sita, bila alama yoyote ya kukuonya; yangu peke yake ilitumia mtindo wa kumi. Basi Bosi alisema 37, mwenzangu akaona 37, wote wakaridhika, na mashine ikachemka hadi Jumatatu.

"Hizi programu zetu ni kama watu watatu wa nyumba moja wasioongea," mwenzangu akasema.

Pale pale tukakata shauri. Kungekuwa na faili moja la vipande vidogo vya msimbo, ambavyo programu zote tatu zingevitumia. Kusoma faili, kuandika faili, kutambua namba na maneno, kulalamika, yote yangefanywa mahali pamoja, kwa namna moja. Tuliviita visaidizi. Bosi aliuliza nani ataliandika faili hilo, nami nikasema mimi, kabla hajamaliza swali. Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Kila kiti cha karakana kilikuwa kimenikataa, na nilitaka kazi ya kukaa mahali pamoja na kufikiri mambo madogo madogo hadi yanyooke.

Sijawahi kufurahia kazi kama nilivyoifurahia ile. Programu kubwa ina mteja wake na kelele zake, lakini kisaidizi hakina mteja isipokuwa wewe na wenzako. Unakiandika kiwe kifupi, kiwe kweli, kisimshangaze mtu. Nilianza na cha kuomba kumbukumbu. Katika C, programu ikitaka mahali pa kuweka vitu vyake huomba kwa mfumo, na mfumo unaweza kuinyima. Sote watatu tulikuwa tunaomba na kuendelea bila kutazama kama tumepewa, sawa na mtu anayejitupa kitini gizani. Kisaidizi changu kiliomba, na kikinyimwa kilisema waziwazi kimenyimwa, kikasimamisha kazi. Mistari michache tu. Niliisoma mara nyingi kwa raha, jinsi mtu anavyochungulia sufuria ya mchele uliokaa vizuri.

Kisha nikaandika cha kuunganisha njia. Ukitaka kufika kwenye tawi la mti unaandika njia yake, jina baada ya jina, na mkwaju, kile kistari cha mshazari, katikati. Bosi alikuwa akisahau mkwaju, mwenzangu alikuwa akiweka miwili ili awe salama. Kisaidizi kilipokea jina la mbele na jina la nyuma, kikatazama kama mkwaju upo, kikaweka mmoja tu. Na kingine cha kusoma faili hadi mwisho wake, bila kudhani kwamba litakuja lote kwa mkupuo mmoja. Na kingine cha maelezo ya matumizi, ili mtu akikwama aulize msaada kwa namna ileile katika programu yoyote, apewe jibu kwa mpangilio uleule. Nililifuta lile neno "zii" kwa mkono wangu mwenyewe. Bosi aliliombea, nikakataa.

Kilibaki kisaidizi kigumu, cha kutambua thamani ni maneno au ni namba. Nilikuwa nimekianza tu.

Mtoto hakungoja nimalize. Nilifunga laptopu Ijumaa jioni nikijua nina wiki nzima mbele, na Jumapili, watu wakitoka kanisani, nilikuwa nimemshika binti yangu mikononi. Mume wangu alikuwa amevaa shati lake la kiwandani, maana alikuja moja kwa moja kutoka zamu, na alimtazama mtoto hivyo hivyo hadi muuguzi akamwuliza kama yuko sawa.

Tunakaa Tassia, ghorofa ya tano, ngazi tupu, hakuna lifti. Mama mkwe wangu alifika siku chache baadaye kutoka upande wa Kakamega, akazipanda ngazi zile na kuku hai kwapani, unga wa wimbi kichwani, na furushi la majani ya mboga ambayo alisema Nairobi haijui kuyalima. Alisimama mlangoni akahema, akamtazama mtoto, akaufunga mlango wa chumba changu kwa nje. Niliachiliwa nilipomaliza bakuli la uji. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Nikiomba chai napewa uji, nikiomba maji napewa uji, kisha mchuzi wa kuku, kisha uji.

Kwao nyanya huitwa kukhu. Sisi wa mji masikio yetu ni mazito, kwa hiyo jirani wa mlango wa pili, aliponisikia nikimwambia mtoto kwamba kukhu anamwogesha, aliuliza kama kuku yule aliyeletwa achinjwe bado yuko hai. Mama mkwe aliichukua hadithi hiyo akawa anaisimulia kila mgeni akija, na kila mara jirani alizidi kuwa mjinga ndani yake.

Wenzangu walikuja kumwona mtoto Jumamosi moja asubuhi. Nilisikia kwanza sauti ya Bosi ngazini, akisalimia kila mlango. Walibeba sabuni, nepi, shali nzuri ya manjano, na chupa kubwa ya chai ya maziwa. Mwenzangu wa Kayole alikuwa na begi la mgongoni ambalo hakulivua hata alipoketi, nami nikajua mna laptopu ndani.

"Hodi kwa mama mtoto," Bosi akasema, kisha akamwona mama mkwe, akainama, akamsalimia kwa lugha ya kwao. Basi mambo yakabadilika. Mama mkwe aliweka mwiko chini, akamwuliza yeye ni wa wapi, wa nani, mama yake alitoka ukoo gani. Wakapanda milima na kushuka kwa maswali hadi wakagundua kwamba shangazi mmoja wa Bosi aliolewa karibu na soko la kwao. Kuanzia hapo Bosi hakuwa mgeni tena. Alikuwa mtoto wa nyumbani, na alipakuliwa kama mtoto wa nyumbani, ugali wa kufunika sahani.

Tulipokuwa tunakula, mwenzangu alinitazama, akamtazama Bosi, akatazama begi.

"Sema tu," nikamwambia.

"Tuliambiana hatutaleta kazi," akasema.

"Na mmeileta?"

"Iko kwa begi."

"Tumekwama, Bosi," Bosi akasema, naye sasa alikuwa ameacha kucheka. "Mimi na huyu hatujaongea vizuri tangu Jumatano. Ni ile ya maneno na namba."

Mama mkwe alisema hakuna mashine itakayofunguliwa kabla sahani hazijatoka. Tukamaliza kula kwa haraka kama watoto wa shule. Kisha meza ikapanguswa, laptopu ikafunguliwa, nami nikaketi kitandani, mlango wazi, mtoto akinyonya, na wao wakaisogeza meza hadi mlangoni ili nione skrini.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya mti wa vifaa thamani zote hukaa kama vipande vidogo vilivyopangwa mstarini, na kila kipande ni namba ndogo. Jina la feni ni vipande. Joto ni vipande. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hivi ni herufi za jina na vile ni namba. Programu ikitaka kukuonyesha, lazima ijue yenyewe kwa kukisia, au iambiwe na mtu.

"Mimi nasema ikisie," Bosi akasema. "Mteja akiandika amri hataki maswali. Ikiona vipande vyote ni herufi zinazosomeka, iseme ni neno. Basi."

"Angalia vile inakisia," mwenzangu akasema. Akaandika amri ya kuuliza namba ya utambulisho ya kipimajoto. Ilitakiwa itoke namba. Skrini ikaandika herufi tatu zisizo na maana, zikikaa hapo kwa kujiamini.

"Hiyo ni bahati mbaya tu," Bosi akasema.

"Na siku bahati mbaya ikikaa kwa joto?" mwenzangu akamwuliza. "Mimi nasema mtu aseme anachotaka. Kila mara. Namba ama neno. Asiposema, asipewe kitu."

"Kila mara? Watu watachoka."

"Wachoke."

Hilo neno lilitua mezani. Sikuwahi kumsikia akisema kwa ukali namna hiyo. Mtoto naye akaacha kunyonya, akakunja uso, akalia kilio kile chembamba cha watoto wachanga kinachopanda kama filimbi.

"Mnamwogopesha," mama mkwe akasema kutoka jikoni. "Huyu mwenyewe hajapewa jina bado, nyinyi mnagombania majina ya mashine."

Bosi aliomba apewe mtoto. Alimpokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea sadaka, akaanza kumwimbia pambio la kwao kwa ile besi yake, chini kabisa, hata vikombe vikatetema kidogo kwenye kabati. Mtoto alinyamaza. Nadhani alishangaa kwamba sauti kama ile ipo duniani. Na kwa kuwa sasa Bosi alikuwa anaimba na hawezi kubishana, tulipata nafasi ya kufikiri.

"Nionyeshe nilipoachia," nikamwambia mwenzangu.

Akanionyesha. Ilikuwa mistari michache na maelezo yangu mafupi, "hapa bado." Niliitazama na nikaona raha ikinipanda kifuani, raha ambayo sikuitarajia wiki zile za uji na usingizi wa vipande. Nilikuwa nimeikosa kazi yangu na sikuwa nimejua.

"Neno katika C linaishaje?" nikamwuliza.

"Kwa sifuri."

"Basi kwanza kipande cha mwisho lazima kiwe sifuri. Kisipokuwa sifuri, si neno, hata kama vingine vyote ni herufi. Pili, kabla ya hiyo sifuri kuwe na herufi angalau moja. Sifuri tupu si neno, ni namba. Na yakiwa maneno kadhaa yamefuatana, kila moja lifuate sheria hiyohiyo."

Alikuwa akiandika huku nikisema. Vidole vyake ni vyepesi, hata vitufe havilii.

"Hiyo namba ya kipimajoto bado itapita," akasema alipomaliza. Akaijaribu. Kweli, herufi tatu zilezile, maana kipande chake cha nne kilikuwa sifuri.

"Itapita," nikakubali. "Hakuna sheria ya kukisia itakayoshika zote. Kwa hiyo wote wawili mnasema kweli. Mtu asiposema, programu ikisie kwa uangalifu. Akisema, isikisie hata kidogo, itii. Tumpe herufi moja ya kuweka mbele, moja kwa neno, moja kwa namba ya kawaida, moja kwa namba ya kumi na sita. Na kisaidizi cha kusoma herufi hiyo kiwe kimoja, kitumiwe na programu zote."

"Na namba ya kumi na sita isitoke uchi tena," mwenzangu akasema.

"Isitoke uchi. Ivae sifuri na eksi mbele, kila mara, hata kama hakuna anayetazama."

Bosi alikatiza wimbo. "Na joto?"

"Joto tutasema sisi. Halikisiwi."

Alinitazama, akamtazama mwenzangu. "Ile ya kusema watu watachoka, mimi ndiye, si sawa," akaanza, maneno yakamchanganya. "Yaani, pole. Nilikuwa naongea sana."

"Hata mimi," mwenzangu akasema, ingawa hajawahi kuongea sana maishani mwake.

Waliandika pale mlangoni hadi adhuhuri ikapita. Mimi nikisema, mwenzangu akiandika, Bosi akitembea na mtoto kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, akisoma juu ya bega la mwenzangu kila akipita. Mara moja alisimama, akaona nimeacha mahali ambapo faili tupu lingeiua programu, akasema, nami nikamshukuru. Nje kamba za nguo zilikuwa zimejaa shuka za ghorofa yote, na mwanga uliopita humo ulituangukia ukiwa na rangi za maua. Mama mkwe alileta chai ya maziwa ya ile chupa, akaketi nasi, akauliza mashine yetu inafanya nini hasa.

Nilimweleza. Aliposikia mayai, akageuka mzima mzima.

"Mlitia mayai ya wapi?"

"Ya kununua, Mama," Bosi akasema.

"Ya kuku wa kufungiwa."

"Ndiyo, Mama."

Alicheka, akafuta macho kwa kona ya leso. "Mwanangu, yale hata mngeyatia kwapani hayangetoa kitu. Kuku wale hawajui jogoo." Kisha akasema atapiga simu nyumbani, shemeji yangu alete mayai ya kuku wa kienyeji akija wiki ijayo. Bosi akasema kwamba kwa hiyo mayai ya kwanza hayakufa kwa sababu ya programu yake. Mwenzangu akasema yalikufa mara mbili. Hapo tulicheka sote, hata mimi mwenye mshono wa uzazi, nikiushika kwa mkono na kuwaomba waache.

Mayai yalikuja kweli, ndani ya kikapu, yamezikwa kwenye pumba za mahindi, na hakuna hata moja lililopata ufa. Mwenzangu aliyatia mashineni. Aliandika joto kwa kutaja aina yake, akaliuliza kwa programu ya pili, akauanika mti wote kwa ya tatu, na programu zote tatu zikamjibu kitu kimoja. Akanitumia picha ya skrini bila neno lolote. Nilimjibu kwa picha ya mtoto akipiga miayo.

Wiki ya kutotolewa vifaranga nilikuwa nimeanza kutoka nje. Mume wangu alikuwa na siku ya kupumzika, tukaenda Lucky Summer sote, yeye, mimi, mtoto mgongoni mwa kukhu wake, ambaye alisema mayai ni yake na hawezi kusimuliwa. Tulikuta karakana imejaa. Mama wa chapati alikuwepo, mafundi wa mbao walikuwepo, mwenye duka la chini alikuwa ameacha duka wazi. Wote walikuwa wameinama juu ya kioo cha sanduku. Ndani, yai moja lilikuwa na tundu dogo, na tunduni palikuwa na kitu kinachosogea, kikaacha, kikasogea tena. Mtu alinong'ona tusipumue. Kifaranga kilisukuma, ganda likapasuka mviringo kana kwamba mtu amelikata kwa kisu, kikaanguka nje, kimelowa, kibaya, kimechoka. Kililala hapo. Kisha kikainua kichwa kikalia, na ukatokea mlio wa pili ndani ya yai la jirani, ukikijibu.

Bosi hakucheka. Nilimwona amekaza midomo, macho yamejaa. Mama mkwe alimpigapiga mgongo kama anamcheulisha.

Hayakutotoa yote, lakini yaliyototoa yalikuwa mengi, na hadi jioni sanduku lilikuwa na manyoya makavu ya kila rangi, meusi, ya manjano, ya udongo. Mama mkwe alivigawa vifaranga pale pale. Alivyosema ni vya kwake akavichukua, na kwa siku kadhaa nyumba yetu ya Tassia ilikuwa na katoni yenye taa pembeni ya kitanda cha mtoto, hadi aliporudi nyumbani nazo, katoni na sauti zake. Siku aliyoondoka nyumba ilikuwa kimya hata nikajipikia uji mwenyewe.

Niliporudi kazini, faili la visaidizi lilikuwa limekua kidogo. Bosi alikuwa ameongeza kisaidizi cha kutaja toleo la programu, na amekiandika vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa ndani ya maelezo alijisifu mara mbili. Sikuyafuta.

Na asubuhi moja mwenzangu wa Kayole alisema anataka kujaribu programu ya nne. Tulikuwa tumepata wateja wanaotaka kuongeza kifaa, labda king'ora au feni ya pili, bila kuandikiwa mti upya, kwa hiyo alitaka programu ya kuchukua tawi jipya na kulipachika juu ya mti uliopo. Bosi alimwambia hiyo ni kazi ya mwezi. Mwenzangu akaketi, akaanza kuandika. Sisi tukaendelea na yetu.

Ilipofika chai ya saa nne alisimama, akanyoosha mikono.

"Umefika wapi?" nikamwuliza.

"Nimemaliza."

Nilienda kutazama. Ilikuwa fupi. Hakuwa ameandika namna ya kufungua faili, wala namna ya kulalamika, wala ya kuomba kumbukumbu, wala ya kueleza matumizi. Vyote hivyo aliviomba kwa visaidizi, na mistari iliyobaki ilihusu jambo moja tu, tawi na mahali linapopachikwa. Bosi alijivutia kiti, akaanza kuisoma akitafuta kosa. Akaijaribu na faili tupu. Ikamwambia kwa adabu kwamba faili ni tupu. Akaipa njia yenye mikwaju miwili. Ikafika.

Tulimwacha hapo tukashuka ngazi. Mama wa chapati alikuwa ndiyo kwanza anaepua za mafuta mengi, zile anazozipenda mwenzangu, akatuuliza kama Bosi mwingine haji. Mwenzangu akasema anakuja, bado anatafuta. Akachukua chapati ya moto kwa vidole viwili, akaipuliza, akanikatia nusu.